Vibao Chini ya Gurudumu la Kushoto

Siku ya tatu tu tangu waegeshe gari-nyumba lao jangwani, Twyla Haskett alimchoma mdogo wake mkono kwa uma. Wala haikuwa bahati mbaya. Doyle alipeleka vidole kwenye sahani ya dada yake kunyakua kipande cha jibini kisichozidi kidole gumba, na Twyla akaushusha uma kama mtu anayechimbua kiazi. Meno yote manne yakazama nyuma ya kiganja. Doyle alinguruma mpaka watu wa magari matatu ya jirani wakatoka na vikombe vyao vya kahawa mkononi, wasije wakapitwa.

"Umenichoma!"

"Nimekuchoma. Jibini liko wapi?"

"We mwanamke una wazimu! Tazama damu hii!"

"Naiona. Na hiyo damu ninaihitaji, usiimwage ovyo kwenye meza yangu. Lete jibini."

Akalirudisha. Twyla akalisuuza kwa maji ya kijiko kimoja, maana huko nje ya kijimji cha Quartzsite maji unayo yale uliyokuja nayo kwenye tangi, akalila akimkazia macho.

Tusimhukumu haraka. Twyla alikuwa na miaka hamsini na minane na figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara nne kwa siku alijifungia kwenye kijichumba cha nyuma ya gari, akaunganisha mrija uliotoka tumboni mwake na mfuko wa maji ya dawa, akakaa nusu saa akiosha damu yake kama mtu anayesuuza chupa. Mumewe alipofariki, aliuza nyumba ya Nebraska akahamia kwenye gari-nyumba moja kwa moja, kama walivyofanya nusu ya wastaafu waliokuwa wakiota jua pale jangwani kila Januari. Ndugu aliyelingana naye damu alikuwa mmoja tu duniani, na huyo ni Doyle, mchomelea vyuma, aliyewahi pia kuwa mtupa walevi nje ya baa tatu tofauti. Figo alikubali kutoa. Tatizo lilikuwa uzito. Madaktari wa Phoenix walimpima, wakakuta ratili mia mbili tisini na moja, wakasema mtu wa namna hiyo hawampasui. Ashuke mpaka mia mbili hamsini kabla ya Machi kwisha, la sivyo nafasi ya Twyla ya kupasuliwa inakwenda kwa mwingine, na kwa jinsi mwili wake ulivyokuwa ukichoka hapakuwa na uhakika kama angefika kwenye nafasi nyingine.

Basi Twyla akamchukua Doyle, akampakia, akampeleka mahali ambapo duka la karibu liko maili tisa, na funguo za gari akazitia kwenye sidiria.

Jiko lake lilikuwa la mafiga mawili ya gesi na sinki dogo la kutosha kuogeshea paka tu. Juu ya hilo jiko alipika kama anayepigana vita. Koliflawa aliikuna mpaka ikafanana na wali. Zukini, kimumunye cha kijani, aliichana nyuzinyuzi, akaimwagia nyanya za kopo na kitunguu saumu, akaiita tambi. Kifua cha kuku alikichemsha kwenye maji ya limau, na maji hayohayo hakuyamwaga, akayageuza supu ya kabeji ya kesho. Mafuta aliyanyunyizia kwa kopo la kupulizia, fyuu, mara moja, kwenye kikaango cha chuma cha mama yao, kizito kama lango la jela.

"Hii tambi iko wapi ng'ombe wake?" Doyle aliuliza.

"Ng'ombe amekataa kuja. Amesikia uko hapa."

Siku hiyo Doyle alikipiga ngumi kimlango cha kabati mpaka kikang'oka bawaba. Twyla akakitupa nje, akatundika taulo mahali pake, akaendelea kukuna koliflawa. Wiki iliyofuata ikavunjika sahani, kisha kioo cha bafu, kisha redio. Hawa wawili walilelewa na baba aliyeongea kwa mkanda, na tangu wadogo hawakujua njia nyingine ya kuambiana jambo. Lakini Doyle hakuwahi kumwinulia dada yake mkono. Alivunja vitu. Twyla ndiye aliyekuwa akigusa mwili.

Jangwani lakini kuna desturi, na desturi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima Twyla usingizi. Pale watu huegesha kwa duara, viti vya kukunja katikati, na anayepika nje hula na yeyote anayepita. Kumpita mtu bila kumnyooshea sahani ni tusi. Na hatua hamsini kutoka kwa Twyla alikuwa ameegesha Lamar Tuttle, Mteksasi mwenye kofia pana kama sinia, aliyeburuta nyuma ya gari lake tanuri la moshi lenye urefu wa jeneza. Kila wikendi Lamar alilaza humo vidari vya ng'ombe, akavifukiza saa kumi na nne, na upepo ukachukua ile harufu ukaipeleka moja kwa moja dirishani kwa Doyle.

Twyla alizunguka duara lote, kiti kwa kiti.

"Atakayemlisha mdogo wangu ananizika mimi. Mmenielewa?"

"Hata mbavu moja, Twyla?" Lamar aliuliza, akawakonyeza wenzake.

"Hata ukimlambisha kidole, Lamar, nitakupiga kama mwizi."

Wakacheka. Bibi mmoja wa Idaho, Arvilla, aliyekuwa haachwi na habari yoyote pale kambini, aliwaambia watu baadaye kwamba yeye hakucheka. Aliona macho ya Twyla.

Kila Jumapili asubuhi ilikuwa siku ya mzani. Twyla alimaliza mfuko wake wa kwanza, akatoka chumbani, akauweka mzani kwenye ujia kati ya jiko na friji, mahali pekee penye nafasi. Doyle alipanda akiwa na bukta tu, amejaa ule ujia kama kizibo kwenye chupa. Jumapili ya kwanza: mia mbili themanini na nne. Ya pili: sabini na saba. Ya tatu: sabini. Ya nne: sitini na mbili! Twyla alikaa kwenye ngazi ya gari akalia, akapiga simu Phoenix, akawaambia waandae visu. Hata alimkumbatia Doyle, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi ya mama yao.

"Nilikwambia nitaweza," Doyle alisema, akitazama pembeni.

"Ulisema. Nikakuona mwongo. Nisamehe."

Jumapili ya tano Twyla aliamka kizunguzungu kimembana. Kawaida hakugusa jiko kabla ya mzani, maana Doyle alipimwa tumbo tupu na hakutaka kumtesa kwa harufu. Lakini siku hiyo aliona akisimama bila kitu tumboni ataanguka. Alipotoka chumbani na mrija wake ameufunga, akaweka kikaango motoni, fyuu, akapasua yai.

Yai likaondoka.

Ute wake ulikwenda wote kushoto, ukajikusanya kwenye ukingo wa kikaango kama mtu anayetafuta mlango. Twyla alikitazama. Akakigeuza. Ute ukarudi kushoto vilevile. Gari lile alilisawazisha mwenyewe siku waliyofika, kwa pima maji, akipanga vibao chini ya magurudumu mpaka kiputo cha hewa kikasimama katikati. Jana tu alikaanga yai kwenye kikaango hichohicho na likakaa kama jicho.

Akatazama friji. Ilikuwa upande wa kushoto wa ujia. Akatazama pale bega la Doyle linapofika anaposimama kwenye mzani. Kulikuwa na doa la jasho kwenye rangi nyeupe ya friji, pana, kubwa, la wiki tano.

Alitoka na kikaango chake mkononi. Chini ya gurudumu la kushoto la nyuma vilikuwa vimebaki vibao viwili badala ya vinne. Vingine viwili vilikuwa kwenye mfuko wa zana wa Doyle, pamoja na jeki ndogo, na chini yake karatasi ya foili ya kufungia chakula, imekunjwa vizuri. Akaifungua. Mifupa ya mbavu, imegugunwa mpaka imeng'aa.

Kumbe kila Jumapili, dada akiwa nyuma ya mlango ameunganishwa na mfuko wake, hawezi kuinuka, huyu alikuwa akipiga jeki, anachomoa vibao, gari linalala kidogo, na yeye akipanda mzani bega linaegemea friji bila hata kuonekana kwamba ameegemea. Friji inabeba ratili ishirini. Akishapimwa anakwenda "kunyoosha miguu," anarudisha vibao.

Doyle alikuwa mlangoni na bukta yake. Alikuwa ameona.

"Rudisha," Twyla alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Dada, sikiliza..."

"Rudisha vibao. Kisha panda mzani."

Akarudisha. Akapanda. Twyla aliusukuma mkono wake kwenye mbavu za Doyle akamtenga na friji. Mzani ukasoma mia mbili themanini na tatu.

"Nane," Twyla alisema. "Wiki tano. Ratili nane."

"Nilikuwa na njaa! Unajua njaa wewe? Unanipa majani kama sungura, halafu..."

"Nilikuwa nimelala pale na mrija tumboni! Pale! Ulikuwa unanisikia nakohoa, na wewe unapiga jeki!"

Doyle akibanwa huvunja. Alikamata sufuria ya supu ya kabeji akaitupa ukutani. Supu ya jana ilikuwa baridi, lakini sufuria ilimpita Twyla sikioni, ikatoboa dirisha. Kisha akalivuta lile taulo la kabati, akazoa makopo ya nyanya, akayarusha nje moja moja kama anayerushia mbwa mawe, akatoka, akielekea kwa Lamar kwa hatua ndefu, pekupeku, bukta inapepea.

Huko nusu ya kambi ilikuwa imeshakaa. Ilikuwa Jumapili ya vidari. Lamar alikuwa ndiyo kwanza ameinua mfuniko na anatangaza nyama yake kama mhubiri.

"Karibu, bwana mkubwa!" alimwita Doyle. "Leo umekuja mchana kweupe? Dada yako kakuruhusu?"

Watu wakacheka. Doyle hakungoja sahani. Aliingiza mkono tanurini akang'oa pande la kidari, moto, linachuruzika, akalitia kinywani. Hapo ndipo Twyla alipofika, kikaango bado mkononi.

"Ulimlisha," alimwambia Lamar.

"Mtu mzima amekula. Au na wewe unamnyonyesha?"

Twyla aliweka mguu kwenye tanuri akasukuma. Watu wanasema tanuri lile lilikuwa na uzito wa punda, na wanasema mwanamke mgonjwa asingeliweza. Lilianguka. Makaa yalimwagika kwenye miguu ya viti, mtu akaruka na suruali inafuka, mbwa wakaingia, na vidari vinne vya saa kumi na nne vikabiringika kwenye mchanga na mbigili. Lamar alipiga ukelele kama amechomwa yeye. Akamrukia Twyla, akamshika shati kifuani, akamtikisa.

"Nyama yangu! We kizee, nyama yangu!"

Shati likapanda, na vidole vya Lamar vikanasa kwenye mrija. Akauvuta bila kujua anavuta nini. Twyla alihisi tumbo lake lote likifuatana na ule mkono. Akatoa mlio mmoja mdogo.

Doyle alisikia. Pale alipokuwa amepiga magoti anapangusa mchanga kwenye nyama, aliinuka. Ngumi ya kwanza ilimwondoa Lamar kwa Twyla. Ya pili ilimwondoa kofia. Ya tatu ilitoa meno mawili, moja likaingia kwenye bakuli la saladi ya viazi la Arvilla, ambaye hadi leo hulisimulia hilo kwanza kabla ya mengine. Lamar alianguka, Doyle akamkalia juu na kuendelea, kulia, kushoto, kulia, bila haraka, kama mtu anayegonga chuma kilicholainika. Damu ya pua ilimrukia Doyle kifuani. Wanaume watatu walimvuta wakashindwa.

Na muda wote huo alikuwa anatafuna.

Hicho ndicho Twyla alichokiona. Alikuwa ameushika mrija wake, tumbo linawaka, na mbele yake mdogo wake anamwua mtu kwa ajili yake huku taya lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, mafuta yanamtiririka kidevuni. Kambi nzima inabishana. Wengine wanasema Twyla alimlenga Lamar akakosea, wengine wanasema alitaka tu kuwaamua. Twyla anajua alilenga nini. Alikinyanyua kikaango kwa mikono miwili, na yai bado limegandia ukingoni, akakizungusha.

Mlio wake ulikuwa kama kuni mbichi inayopasuliwa. Doyle aliinamia upande, taratibu, na kinywa chake kikabaki wazi, taya limekwenda upande ambao taya haziendi. Kipande cha kidari kikadondoka.

"Dada," alijaribu kusema. Halikutoka.

Mrija wa Twyla ulikuwa mzima. Walimshona kidogo tu. Lamar alibebwa na binti yake kwenda hospitali mjini Yuma akiwa na uso kama boga, na hakutaka askari, kwa sababu askari wangeuliza nani alimkamata mwanamke mgonjwa kwanza. Doyle alifungwa taya kwa nyaya, juu na chini, wiki saba. Daktari wa zahanati alimuuliza ilikuwaje. Doyle akatazama dari. Daktari akaandika: haijulikani.

Wiki saba hizo Twyla alipika kuliko alivyowahi kupika. Kabeji, kuku, dengu, maboga, mchicha, vyote aliviponda kwenye mashine, akavichuja kwa kitambaa mpaka vikapita kwenye mrija wa soda. Sasa mtoto wa mama hawezi kuiba mbavu. Hawezi kutafuna hata ukucha. Doyle alinyonya, akimtazama. Alikuwa na ubao mdogo na kalamu ya wino unaofutika, na kwa siku kumi hakuandika kitu. Siku ya kumi na moja aliandika: KUNA MTU PHOENIX ATANIULIZA.

Twyla alijua. Kila mtoaji wa figo huitwa chumbani peke yake na mtu wa hospitali ambaye kazi yake ni moja tu: kuhakikisha hakulazimishwa, hakutishwa, hakupigwa. Akisema neno moja, mambo yameisha.

"Utamwambia nini?" aliuliza.

Doyle akafuta ubao kwa kiwiko. Akaandika: KILA KITU.

Twyla alikamata kisu cha kabeji akakipigilia kwenye ubao wa kukatia, kikasimama kinatetemeka. Doyle hakupepesa. Akaandika tena: UNANICHOMA NA HICHO PIA?

Twyla akakishika mpini. Alikichomoa, akaendelea kukata. Mzani ulisoma sabini na tano, sitini na nane, sitini na moja. Doyle alivunja vikombe vitatu na kioo cha pembeni cha gari. Twyla akafagia. Mara moja tu, wakiwa wamekaa na bakuli kati yao, alisema, "Nilikulenga wewe. Ujue hilo kabla hujaulizwa." Doyle alinyonya supu yake mpaka mrija ukakoroma.

Phoenix, siku mbili kabla ya Machi kwisha, mzani wa hospitali ulisema mia mbili arobaini na tisa. Kisha mwanamke mwembamba mwenye miwani, Bi. Quintana, akamwita Doyle, na mlango ukafungwa. Ulikuwa na dirisha dogo la kioo. Twyla alisimama kwenye ujia akaona mgongo wa mdogo wake umeinama juu ya karatasi, na mkono ukienda, ukienda. Aliandika muda mrefu sana. Mtu wa neno moja moja tangu azaliwe, leo ameandika ukurasa mzima. Twyla alijikuta ameshika pete ya mumewe anaizungusha mpaka ngozi imechubuka.

Bi. Quintana alitoka wa kwanza. Alimtazama Twyla usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena.

"Bi. Haskett, vile vibao vya chini ya gari lako vimerudishwa?"

"Vi... ndiyo. Vyote vinne."

"Hakikisha vinabaki hapo. Mtu anaweza kuumia vibaya." Akavua miwani. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeona watu wengi wanaosema walianguka ngazini. Nimemuuliza mara tatu, kwa namna tatu, kama anataka. Mara ya tatu aliandika NDIYO mpaka kalamu ikatoboa karatasi." Akatia sahihi karatasi za upasuaji, akaondoka zake.

Kule kwenye maegesho, Doyle alitoa ubao wake wa mkononi. Alikuwa amenakili juu yake, kwa mwandiko wa kubanana, kiini cha yale aliyoyaandika ndani: NILICHOMOA VIBAO MIMI MWENYEWE. SIKUMWAMBIA DADA. GARI LIKALALA. NIKAANGUKA NIKAVUNJA TAYA. KOSA NI LANGU.

Twyla alisoma mara mbili.

Doyle akampita, akaingia kwenye gari. Akatoka na mzani kwapani na kikaango cha mama yao mkononi. Akauweka mzani kwenye lami, kati ya gari lao na gari la watu wengine waliokuwa wamembeba mtoto mchanga. Akapiga. Kioo cha mzani kikaruka. Akapiga tena, springi zikatoka kama utumbo. Akapiga mpaka bati likakunjamana, na mlinzi akatoka kwenye kibanda chake, akaona ukubwa wa mtu, akasimama palepale alipokuwa. Doyle alipiga mpaka hapakuwa na kitu cha kupiga. Alihema kupitia nyaya, mate yanachuruzika, mabega yanapanda.

Twyla akanyoosha mkono.

"Umemaliza? Lete kikaango. Nina supu ya kupika."